Kuisaka makala unayoikumbuka nusunusu

Anayetafuta makala aliyoisoma zamani kwa kawaida huanza na kichwa chake. Anakiandika kwenye intaneti jinsi anavyokikumbuka, anapata rundo la mambo yasiyohusika, anabadilisha neno moja, anajaribu tena, na baada ya saa nzima anakata tamaa: makala haipo. Mara nyingi ipo. Kile kichwa ndicho hakijawahi kuwapo. Alikitunga mwenyewe bila kujua, siku nyingi baada ya kulifunga jarida.

Nimesaka makala za namna hii kwa miaka, zangu na za jamaa wanaonijia na "kuna kitu nilikisoma mahali". Nilichojifunza ni kwamba kazi kubwa haifanyiki kwenye mtambo wa kutafutia. Kazi kubwa ni kumhoji shahidi, na shahidi ni wewe mwenyewe, mtu anayesema mengi kuliko aliyoyaona.

Hatua ya 1: Jihoji kabla hujagusa kompyuta

Chukua karatasi na kalamu. Usitafute chochote kwanza, kwa sababu ukishaona makala tatu zinazokaribiana na yako, kumbukumbu itaanza kuazima vipande kutoka kwazo, na hutaweza tena kutenganisha cha kwako na cha kuazima. Andika kila kinachokujia, hata kionekane cha kipuuzi: rangi ya karatasi, tangazo lililokuwa ukurasa wa pili, ulikuwa umekaa au umesimama, nani alikupa jarida, lilikuwa jipya au lilishachanika jalada.

Halafu piga mstari katikati ya karatasi. Kushoto weka uliyoyaona kwa macho, kulia weka uliyoyakisia. Hapo ndipo utashangaa. Mimi nilikuwa natafuta makala iliyohusu fundi wa saa za minara, kiziwi, aliyekuwa akizisikiliza saa kwa kuweka kiganja kwenye kasha la mbao. Upande wa kushoto nilibaki na vitu viwili tu: picha ya mtu aliye ndani ya saa, miguu ikining'inia, na kile kiganja. Mwaka, jina la jarida, jina la mwandishi, hata nchi, vyote vilihamia kulia. Nilipojiuliza mwaka nimeujuaje, jibu likawa: "kwa sababu nilikuwa bado shuleni." Huo si mwaka. Hicho ni kipindi nilichokutana na jarida, na jarida lenyewe huenda lilishakaa miaka kumi kwenye chumba cha watu kusubiria.

Usijilaumu kwa hilo. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alieleza majaribio ambayo wasomaji walipewa ngano ya wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini, kisha wakaombwa kuisimulia tena baada ya muda. Mitumbwi iligeuka mashua. Uwindaji wa sili uligeuka uvuvi wa samaki. Hawakuwa wakidanganya, kila mmoja alikuwa ameinyoosha ngano ifanane na ulimwengu anaoujua. Kwa hiyo vitu vya kawaida unavyovikumbuka ndivyo vya kuvitilia shaka. Lakini jambo geni, ambalo wewe usingeweza kulibuni na bado limekunasa kichwani, lishike kwa mikono miwili. Ndilo litakalokuwa chambo chako.

Jambo jingine la kuandika ni mahali kwenye ukurasa. Mwaka 1971 mtafiti Ernst Rothkopf alionyesha kwamba wasomaji huweza kukumbuka habari fulani ilikaa sehemu gani ya ukurasa, ingawa hawakuambiwa waitazame hiyo sehemu. "Juu kulia, chini ya picha ndefu" hakutakusaidia kutafuta, ila kutakusaidia kuitambua makala ukishaifikia.

Hatua ya 2: Tafuta aina ya jarida, jina liache kwanza

Ukiniambia "nina hakika lilikuwa National Geographic," nitaandika "jarida lenye picha nzuri za rangi" na kuendelea. Jina kubwa humeza majina madogo. Jarida lolote la sayansi likawa Scientific American, lolote la mazingira likawa National Geographic.

Kuna sababu nyingine za majina kutupotosha. Reader's Digest, lililoanza mwaka 1922, lilijengwa juu ya kazi ya kufupisha makala za majarida mengine. Ulichokisoma humo huenda kilitoka kwingine, kikiwa kirefu mara tatu na chenye kichwa tofauti. Habari njema ni kwamba makala iliyofupishwa kutoka kwingine kwa kawaida hutaja jarida ilikotoka, kwa hiyo ukipata ufupisho umepata na njia ya kwenda kwenye asili. Vilevile magazeti mengi hutoa jarida la mwisho wa wiki ndani yake; Sunday Times la London lilianza kutoa lake la rangi mwaka 1962. Mtu huhifadhi lile jarida, gazeti akafungia vitu, na miaka ishirini baadaye anaapa kwamba alisoma jarida linalojitegemea.

Badala ya jina, jiulize umbo. Lilikuwa kubwa la kufunguliwa mezani kama Life, au dogo la kutia mfukoni? Karatasi iling'aa au ilikuwa ya gazeti? Maandishi yalipangwa safu mbili au tatu kwa ukurasa? Matangazo yalikuwa ya nini? Tangazo la kamera za filamu au la tiketi za ndege zilizotaja shirika lililokwishakufa huweka mpaka wa miaka vizuri kuliko kumbukumbu yoyote ya tarehe.

Kuhusu tarehe, mambo mawili. La kwanza, tarehe iliyo jaladani mara nyingi huwa mbele ya siku jarida linapoingia sokoni, hasa kwa majarida ya kila mwezi. Toleo la Desemba laweza kuuzwa Novemba. La pili, tuna tabia ya kuyasogeza karibu mambo ya zamani sana. Mtu akiniambia 1985, mimi huanza 1975 na kuishia 1987. Nyongeza naiweka nyuma zaidi kuliko mbele, na imenilipa.

Hatua ya 3: Tengeneza chambo

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa hiyo tuende polepole.

Tunakumbuka maana, maneno tunayasahau. Sentensi uliyoipenda, hata kama unaweza kuikariri, karibu kila mara imebadilika mdomoni mwako. Ukiifungia ndani ya alama za mtajo, mtambo utatafuta maneno hayohayo kwa mpangilio huohuo na kukuambia hakuna. Alama za mtajo ziwekee maneno mawili au matatu unayoweza kuyaapia, kama jina la mtu, jina la kifaa au jina la kijiji.

Tumia nomino adimu. "Vita", "mapenzi", "daktari", "safari" hazikufikishi popote. Neno moja la kazi fulani, aina ya mti, sehemu ya mashine, lina nguvu kuliko maneno kumi ya kawaida.

Andika kwa lugha ya makala yenyewe, na kwa msamiati wa zama zake. Hili la pili ndilo husahaulika. Chukua mfano huu wa kweli. Mtu anakumbuka makala ya zamani sana iliyoeleza "kompyuta ya mezani kabla kompyuta hazijakuwapo": dawati lenye vioo vya kusomea, vitabu vyote vikiwa ndani yake, na picha ya mtu aliyevaa kamera kwenye paji la uso. Akitafuta kwa neno kompyuta na mwaka 1960 hapati kitu. Makala hiyo haikuihitaji kompyuta. Mashine yake ilikuwa dawati la filamu ndogo, vitufe na wenzo. Akitafuta kwa maneno ya dawati, mikrofilamu na kamera ya pajini, inajitokeza: "As We May Think" ya Vannevar Bush, The Atlantic, Julai 1945. Kwa hiyo alikosea miaka kumi na mitano.

Ila bado hajamaliza. Anafungua toleo hilo la Julai, na ile picha ya mtu wa kamera haioni. Anaanza kudhani ameota. Hakuota. Jarida la Life lilichapisha ufupisho wa makala hiyohiyo tarehe 10 Septemba 1945, likaongezea michoro, na mmoja wa michoro hiyo ni ule wa kamera pajini. Alichosoma ni Life. Maneno yalimfikisha kwenye makala, na picha ndiyo iliyompeleka kwenye toleo lake. Ndiyo maana nilisema andika kila kitu, hata picha.

Sasa, kikwazo ambacho wengi hawakijui. Majarida ya zamani yaliyo mtandaoni ni picha za kurasa, na programu ndiyo iliyozisoma na kuzigeuza kuwa maandishi. Programu hizo husoma kama mtu aliyesahau miwani. Herufi r na n zikikaribiana huwa m. C na l huwa d. Neno lililokatwa mwishoni mwa mstari huweza kubaki vipande viwili. Safu mbili za ukurasa husomwa kana kwamba ni mstari mmoja mrefu, na sentensi yako inakatwa katikati na sentensi ya jirani. Kwa hiyo ukikosa, punguza maneno badala ya kuongeza. Jaribu jina la ukoo peke yake. Jaribu kuliandika kimakosa makusudi, jinsi mashine ingelikosea. Nimewahi kumpata mwandishi kwa kugeuza rn ya jina lake kuwa m.

Kwa Google, vifaa vidogo vitatu vinatosha: alama ya kutoa mbele ya neno usilolitaka, site: ikifuatwa na anwani ya jarida, na before: au after: ikifuatwa na mwaka kwa makala zilizozaliwa mtandaoni. Usiache nafasi baada ya nukta pacha.

Hatua ya 4: Nenda zilikolala

Utafutaji wa kawaida hauingii kikamilifu kwenye hifadhi za majarida. Lazima uingie mwenyewe na kutafuta ukiwa ndani.

Anza na Google Books. Tangu mwaka 2008 imekuwa na majarida, na mengine yanasomeka kurasa zote, kama Life ya miaka ya 1936 hadi 1972 na Popular Science, lililoanza 1872. Chuja kwa miaka na uchague majarida peke yake, la sivyo utazama kwenye vitabu. Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996, ina skani nyingi zilizowekwa na watu wa kawaida. Angalia sana hapo: kisanduku cha kutafutia kwa kawaida hupekua majina na maelezo tu. Chagua kutafuta ndani ya maandishi, ndipo utafika kwenye makala.

HathiTrust, ya mwaka 2008, ni hifadhi ya maktaba za vyuo vikuu, na ina zawadi ambayo wengi huitupa. Hata pale hakimiliki inapozuia kusoma, inakubali kutafuta na kukutajia namba za kurasa zenye neno lako. Mtu huona hawezi kufungua, anaondoka. Wewe usiondoke! Jarida, juzuu na ukurasa ndivyo ulivyokuwa unavitafuta. Kurasa zenyewe maktaba yoyote yenye juzuu hilo itakutolea.

Nyingine zinategemea lugha na nchi ya jarida. Trove ya Maktaba ya Taifa ya Australia ina The Australian Women's Weekly ya 1933 hadi 1982. Gallica ni ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. The Spectator la Uingereza lina kumbukumbu kuanzia 1828. Kwa majarida ya kitaaluma nenda JSTOR, hifadhi yao ya mtandaoni. Na kama ulichosoma kilikuwa hadithi ya kubuni ya sayansi au maajabu, usihangaike na hizi zote; ISFDB, orodha ya mtandaoni ya hadithi za namna hiyo, huorodhesha hadithi moja moja, toleo kwa toleo.

Makala iliyokuwa mtandaoni ikapotea ni shauri jingine. Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za tovuti iliyo chini ya Internet Archive, haihitaji anwani ya makala yenyewe. Weka anwani ya ukurasa wa mbele wa jarida, chagua mwaka, usome vichwa vya wakati ule kama unavyopitia meza ya muuza magazeti. Kumbuka pia kwamba majarida mengi huipa makala kichwa kimoja kwenye karatasi na kingine mtandaoni.

Hatua ya 5: Faharasa na vumbi

Kabla ya kompyuta watu walitafuta makala vilevile, na vitabu walivyotumia bado vipo. Readers' Guide to Periodical Literature imekuwa ikiorodhesha makala za majarida ya Kimarekani tangu 1901, kwa mada na kwa mwandishi. Kwa karne ya 19 kuna faharasa ya namna hiyohiyo, Poole's Index to Periodical Literature. Faharasa hizi ziliandaliwa na watu waliosoma makala, kwa hiyo makala ya fundi wa saa itakuwa chini ya "saa" hata kama kichwa chake kilikuwa "Mzee wa Juu". Hilo mashine za leo hazilifanyi vizuri.

Kama jarida limebadili jina, tovuti ya ISSN itakuonyesha lilitanguliwa na lipi na likafuatwa na lipi. ISSN ni ile namba ya tarakimu nane iliyogawanywa nne nne kwa kistari. WorldCat, katalogi ya pamoja ya maktaba nyingi, nayo itakuambia maktaba zipi zina jarida hilo.

Ukishabakiwa na jarida moja na miaka kumi, acha ujanja, fungua kurasa za yaliyomo. Jarida la kila mwezi kwa miaka kumi lina matoleo 120. Dakika moja kwa kila toleo ni saa mbili. Nimeona watu wakitumia miezi kukwepa hizo saa mbili. Tahadhari moja tu: maktaba nyingi zilipojalidi majarida ziliondoa majalada na kurasa za matangazo. Kama alama yako ni jalada au tangazo, juzuu lililojalidiwa halitakuwa nayo.

Hatua ya 6: Omba msaada, lakini omba vizuri

Mkutubi anapenda mafumbo, hapendi ukungu. "Natafuta makala nzuri ya zamani kuhusu saa" ni ukungu. Nilichomwandikia mkutubi mimi kilikuwa hivi:

"Habari za kazi. Naomba msaada wako kutafuta makala ya jarida la Kiingereza. Niliisoma nikiwa shuleni, kati ya 1979 na 1986, na jarida lilionekana la zamani zaidi. Nina hakika na picha ya fundi ndani ya saa ya mnara, miguu ikining'inia. Nakisia kuwa fundi alikuwa kiziwi na jarida lilitoka kila mwezi. Nimeshapekua Google Books na HathiTrust kwa maneno ya saa, mnara na fundi, 1960 hadi 1986. Je, kuna faharasa unayoweza kuniangalizia, au ya kunielekeza?"

Ona kwamba uhakika na kisio havikuchanganywa, na kwamba anajua wapi asirudie. Majibu ya barua kama hii huwa mafupi na ya maana.

Programu za akili bandia nazo unaweza kuziuliza, kwa kazi moja: zikupe visawe na istilahi za zama fulani za kutafutia. Ukiziomba makala yenyewe, zinaweza kukupa kichwa, mwandishi, mwezi na ukurasa, vyote vikiwa vya kubuni na vikiwa vimepangwa vizuri kuliko vya kweli. Usimpelekee mkutubi jibu hilo kabla hujaliona toleo.

Hatua ya 7: Ukiipata, ithibitishe

Linganisha na upande wa kushoto wa karatasi yako. Upande wa kulia usikusumbue. Ukikataa makala kwa sababu mwaka hauoani, umeikataa yako mwenyewe. Chukua nakala, andika jarida, juzuu, namba, mwezi na kurasa papo hapo, kabla hujaanza kusoma kwa raha. Nimewahi kusahau, nikarudia usakaji wote.

Na kama nusu inaoana na nusu nyingine haimo kabisa, soma jirani. Geuza kurasa za makala zinazofuata, kisha fungua barua za wasomaji za matoleo mawili matatu ya mbele, maana humo wasomaji hujibu, husahihisha na kusimulia ya kwao. Fundi wangu nilimpata hatimaye, ndani ya saa, miguu ikining'inia vilevile. Lakini alikuwa akisikia vizuri. Makala nzima haikutaja kiziwi wala kiganja. Nilikaribia kuirudisha. Kiziwi nilimkuta matoleo mawili mbele, kwenye barua yenye aya moja, ambamo msomaji alieleza jinsi baba yake, kiziwi, alivyokuwa akizisikiliza saa kwa kiganja.